Kumsitiri Si Kumfungia Mlango



Kuna neno zuri tunaliharibu, nalo ni sitara. Kusitiri aibu ya mwenzio ni ibada: umeiona, umeinyamazia, huendi kuisambaza kwenye shughuli wala kwenye foleni ya maji. Hilo halina mjadala na sitaki mtu aje kunisomesha. Ninalolipinga ni vile neno hili linavyotumika huku kwetu Bwejuu, na nina hakika Paje, Jambiani na Makunduchi ni yale yale. Mwanamke akijulikana anakunywa, kisha akasema anataka kuacha, tunamfungia chumbani, tunafunga na midomo yetu, halafu tunaambiana kwamba tumemsitiri. Hatukumsitiri. Tumemwacha peke yake na wiki mbaya kuliko zote za maisha yake, na tulichokisitiri ni jina la ukoo.

Najua litakaloulizwa kwanza. Mwanamke wa shamba, mtoto aliyesoma chuoni, anakunywa pombe? Yuko wapi huyo? Yupo. Humkuti baa. Anakunywa usiku watoto wamelala, anatilia kwenye kikombe cha chai, na asubuhi anatafuna karafuu na iliki ili mdomo usinuke. Wengine walianzia kazini hotelini, wengine walifundishwa na waume zao, wengine walianza baada ya msiba ambao kila mtu aliwaambia wasubiri tu, utapita. Wapo waliokuja kutoka Bara kufanya kazi ufukweni, hawana mama wala shangazi karibu, na jioni chumba cha kupanga kinakuwa kidogo sana. Hao wote ni majirani zetu. Unajua nyumba ninazozisema, na mimi ninajua unajua.

Na lile jibu tulilolizoea, kwamba pombe imeletwa na watalii, nalo liishe. Lugha yetu yenyewe inatusuta. Tembo la mnazi lilikuwa likigemwa pwani hii kabla ya hoteli hata moja kujengwa. Mgema ana jina la kazi yake, ana kibuyu chake, ana na methali yake ambayo kila mtoto wa skuli anaimaliza ukimuanzishia: akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu hawatungi methali juu ya kitu walichokiona jana.

Watalii wameongeza, sikatai. Mwanzoni mwa 2024, leseni za kuingiza vileo zilipotoka kwa waagizaji wa zamani zikaenda kwa wapya, bia iliadimika kisiwani na bei ikapanda. Jambo likawa kubwa mpaka BBC wakaliandika. Wenye hoteli walilalamika, wenye baa walilalamika, kila mtu alikuwa na la kusema juu ya wageni watakaokosa kinywaji. Kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu kilihangaika wiki kadhaa kwa kreti zilizokosekana. Sasa muulize yeyote katika hao hao: mwanamke wa Kusini Unguja anayetaka kuacha kileo aende wapi, aonane na nani? Atakutazama tu.

Nianze na lililo zito, kwa sababu linaua na wengi hatulijui.

Vijana wetu wametufundisha neno arosto. Tunajua kijana wa unga akikosa anavyojikunja, anavyotapika, anavyolia mifupa. Tumeiona, tunaiogopa. Lakini kileo tunakichukulia chepesi: si ni pombe tu, anywe maji mengi, alale, asubuhi atakuwa mzima. Ukweli wa madaktari ni kinyume chake. Arosto ya unga inatesa sana ila ni nadra peke yake kumuua mtu mwenye afya. Kuacha kileo ghafla, kwa mtu aliyekuwa akinywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu, kunaweza kuua.

Mwili umezoea kutulizwa kila siku. Ukinyimwa ghafla unapiga mbio. Saa 6 mpaka 24 baada ya kikombe cha mwisho mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unadunda, tumbo halitulii, usingizi hauji. Kati ya saa 6 na 48 anaweza kupata degedege, akaanguka kama mwenye kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho. Halafu siku ya pili mpaka ya nne wachache kati yao huweweseka: homa, hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, anasikia watu wakimwita, anapigana na asiyeonekana. Hapo ndipo mtu anapokufa asipotibiwa.

Na hapo, wanawake wenzangu, ndipo sisi tunapomwita mwalimu wa azima. Siku ya tatu. Anaona vitu, anatetemeka, anazungumza na ukuta. Nani hapa kijijini atasema huyo ni mgonjwa wa spitali? Ni jini. Amerushiwa. Ni yule aliyegombana naye mwaka juzi. Kafukiziwa ubani, kasomewa, kanyweshwa kombe, na saa zinakwenda. Mimi siipingi Qur-ani kusomwa juu ya mgonjwa, nani atakayeipinga? Someni. Someni ndani ya gari mkiwa njiani kuelekea spitali ya Makunduchi. Msome na mkifika. Lakini gari liwe limeshaondoka.

Tiba yenyewe si muujiza wala si ghali kama tunavyodhani. Daktari humpa dawa ya kutuliza ya jamii ya diazepamu, humpunguzia kidogo kidogo kwa siku chache huku anamuangalia, humrudishia maji mwilini, na humpa vitamini B1, inayoitwa thiamini, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo na ubongo unaweza kuumia usirudi. Naomba asiende mtu kununua diazepamu dukani akampa wifi yake kwa kukisia. Dawa hiyo ikikutana na pombe iliyobaki mwilini inazuia pumzi. Na aliyewahi kupata degedege alipoacha mara ya kwanza, safari ya pili asijaribu nyumbani hata kidogo.

Si kila anayekunywa atafika huko. Aliyekuwa akinywa mwisho wa wiki hatotetemeka hivyo. Vita vyake viko kwingine, nitavifikia. Ila nani anajua kiasi anachokunywa mtu anayekunywa kwa kujificha? Mwenyewe hukisema nusu. Na mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamme, kwa hiyo kiasi kile kile kinamuingia kwa nguvu zaidi na ini lake huharibika mapema zaidi. Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza anayekwambia anataka kuacha si "umeanza lini uchafu huu". Ni "unakunywa kila siku? Ukikosa asubuhi mikono inatetemeka?" Akijibu ndiyo, hilo ni la daktari kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Hapa lazima niwaseme na wahudumu wa afya. Nilimsindikiza jirani yangu kwenye kituo kimoja, sitakitaja. Tulikaa benchi na wajawazito na wenye watoto wa homa. Mhudumu akatoka mlangoni akauliza kwa sauti: "Yuko wapi huyo mlevi?" Benchi zima likageuka. Jirani yangu akajifunika uso na kanga, akanyanyuka, akaondoka, na mpaka leo ukimtajia kituo anabadilisha mazungumzo. Tunaambiwa watu wa shamba hawapendi spitali. Wanapendaje?

Sasa niingie kwenye dini, maana ndiyo inayotajwa kila mara kuhalalisha tunayoyafanya, na mimi sikubali itajwe hivyo.

Lipo tishio linalotumika zaidi kwa wanawake wetu. Mwenye kunywa kileo swala yake haikubaliwi siku arubaini. Mwanamke ametetemeka siku mbili, siku ya tatu amepata nguvu ya kutia udhu, anatandika mswala, mama mkwe anapita mlangoni anasema: "Wewe unaswali nini? Una siku arubaini." Basi anaukunja. Na mtu aliyeukunja mswala wake katika wiki hiyo unadhani atakunjua nini?

Hadithi ipo, sikanushi. Lakini tuisome yote. Inaendelea kusema kwamba akitubu, Mwenyezi Mungu humkubalia toba yake. Na wanavyuoni wameeleza kwamba maana ya kutokubaliwa ni kukosa thawabu, wajibu wa kuswali uko pale pale. Akiiacha anaongeza kosa juu ya kosa. Kwa hiyo anayemzuia anamuamrisha dhambi kubwa kuliko ile anayoiacha. Muulizeni sheikh yeyote mnayemuamini. Kisha muulizeni na hili: kwa nini khutba za ulevi huwa wanapewa wanaume Ijumaa, na sisi tunaletewa kipande kimoja tu cha hadithi, kile cha kutisha?

Kuna kisa kingine katika Sahih Bukhari ambacho sijasikia kikisomwa kwenye maulidi yetu. Alikuwepo sahaba aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), na alikuwa mnywaji. Aliletwa zaidi ya mara moja akaadhibiwa. Mara moja mmoja wa waliokuwepo akamlaani, akishangaa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza kumlaani, akaeleza kwamba mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Katika riwaya nyingine alikataza watu wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Angalieni vizuri: hakuambiwa pombe ni halali. Adhabu aliipata. Kilichokatazwa ni kumfukuza katika mapenzi ya watu. Basi anayesema kumkalia mlevi ni kumhalalishia ulevi, anieleze anaelewa nini katika kisa hiki.

Na Madina waliacha vipi? Hawakuachishwa kwa siku moja. Ilikuja kwanza aya ya Suratul Baqara ikaeleza kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Ikaja ya Suratun Nisaa ikawakataza kuikaribia swala hali wamelewa. Mwisho ikaja ya Suratul Maida ikafunga mlango. Siku hiyo, kama alivyosimulia Anas bin Malik aliyekuwa akiwagawia watu kinywaji nyumbani kwa Abu Talha, mwenye kutangaza alipita, vyombo vikamwagwa, na kileo kikatiririka katika vichochoro vya mji. Nyumba zote, siku moja. Jirani alikuwa akimwaga, mume alikuwa akimwaga, ami alikuwa akimwaga. Mji mzima uliacha pamoja, mwenye kutamani usiku alikuwa na mwenzake anayetamani vile vile. Sisi tunamtaka mwanamke mmoja afanye peke yake, kimya kimya, kile ambacho masahaba walikifanya mji mzima.

Ajabu ni kwamba sisi wanawake wa pwani hii tunajua sana kukaa na mtu. Hakuna tunachokijua zaidi. Mwanamke akijifungua anapewa siku zake arubaini. Anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, watoto wake wakubwa wanaogeshwa na wengine, hapiki, hachoti maji, haachwi peke yake chumbani. Hatumuulizi alimpataje mtoto. Mjane naye anapokaa eda yake, miezi minne na siku kumi, wanawake wanaingia na kutoka, wanamletea chakula, wanamsomea, wanamsikiliza akirudia hadithi ile ile ya marehemu mara ishirini. Tunafanya hivyo kwa sababu tunajua kuna wakati mtu hawezi kubebwa na miguu yake mwenyewe.

Basi mpeni na huyu arubaini yake. Ndilo ninalolitaka, na sioni kwa nini liwe gumu. Zile siku arubaini tunazomtishia nazo tumgeuzie ziwe siku za kukandwa. Wiki ya kwanza asilale peke yake, na asilazwe na mtu anayelala usingizi mzito. Apikiwe uji, apewe dafu, supu ya samaki, chochote kitakachokaa tumboni. Watoto wapelekwe kwa bibi yao. Simu yake iwe mikononi mwa mtu anayemuamini, maana watakaompigia kumuita sio wote wanaojua ameacha. Wiki zinazofuata atakuwa anatembea, anacheka, sura imerudi, na hapo ndipo sisi sote tunaondoka tukidhani yamekwisha. Hayajaisha. Kuna saa baina ya Magharibi na Isha, na baada yake watoto wamelala, ambayo mtu aliyekuwa anakunywa anaijua kama sisi tunavyojua saa ya kufuturu. Mwili unaisubiri. Saa hiyo ndiyo ya kubisha hodi. Hata kama ni kukaa barazani kusuka ukili na kuzungumza upuuzi.

Kwa wanaolima mwani kuna jambo la ziada. Maji ya bamvu yana kazi. Unaamka, unashuka pwani, unafunga, unavuna, mgongo unauma, unalala. Maji mafu yakija hakuna pa kwenda. Siku hizo za kukaa ndizo zinazowarudisha wengi. Anayelima naye kipande kimoja anajua kalenda hiyo bila ya kuambiwa, kwa hivyo yeye ndiye bora kuliko mshauri yeyote kutoka mjini.

Wengine wataona haya ni mambo ya kizungu. Hebu tuyatazame basi ya wazungu. Mei 1935 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Bill Wilson, alikuwa katika hoteli mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika, na pale hotelini baa ilikuwa karibu na masikio yake. Badala ya kuingia akaenda kwenye simu, akawapigia viongozi wa makanisa akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Aliyewakutanisha yeye na Dk. Bob Smith alikuwa mwanamke, Henrietta Seiberling. Kutokana na mazungumzo yale kikazaliwa chama cha wanaoacha pombe ambacho leo kiko dunia nzima. Hakikuanza na dawa wala jengo. Kilianza na mtu aliyehofia jioni moja, na mwanamke aliyepokea simu. Na msidhani wanawake walipokelewa vizuri huko. Marty Mann, aliyejiunga 1939, aliingia katika kundi la wanaume watupu wengi wao wakiamini kwamba mwanamke hawi mlevi. Ni yale yale ya kwetu.

Waislamu nao hawakukaa. Mwaka 1989 katika mji wa Baltimore Waislamu waliokuwa wakipambana na ulevi na unga walianzisha Millati Islami, wakazichukua zile hatua 12 na kuzipanga upya juu ya misingi ya dini yetu. Hapa hapa Unguja, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana waliotoka kwenye unga walifungua soba hausi, wakaishi pamoja, wakasimamiana, wakaswali pamoja, na mwaka 2015 kliniki ya methadoni ikafunguliwa Kidongo Chekundu. Nawapa heko zao. Lakini tuseme ukweli: nyumba hizo karibu zote ni za wanaume, na methadoni ni ya wa unga, haimsaidii wa pombe. Kijana wa kiume akiingia soba hausi, mama yake anasema alhamdulillahi mwanangu anapona. Binti akienda mahali kama hapo, ndoa yake imekwisha kabla hajarudi. Na kutoka Bwejuu mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 50. Mwanamke aliyeaga kuwa anakwenda Darajani kununua kitambaa hawezi kuondoka na gari ya 324 kila wiki bila ya kuulizwa kitambaa kiko wapi.

Wenye hoteli nao nawagusa kidogo. Binti anayekuja kwa msimamizi wake kusema hataki tena kuhudumia baa, ahamishiwe usafi au dobi, asiambiwe achague kati ya baa na mlango. Ni ombi la kubadilisha zamu tu. Mnaweza kubadilisha zamu kwa ajili ya harusi ya mtu, mtaweza na kwa hili. Na zile chupa zinazobaki nusu baada ya sherehe zimwagwe, zisigeuzwe bahashishi ya wafanyakazi.

Kwa majirani zetu Wakristo, kama kwako kunywa si haramu, kuacha kwako si rahisi zaidi. Mikono inatetemeka vile vile. Na sisi Waislamu tusiulize dini ya mtu kabla ya kumpelekea uji.

Nimalizie na jambo la msimu, kwa kuwa wakati wake hautungoji. Wengi wanaokunywa huweka nia ya kuacha Ramadhani. Nia njema. Lakini angalieni inavyofanywa: wiki ya mwisho ya Shaaban ni vunja jungu, watu wanakunywa kama wanaoaga, kisha mfungo wa kwanza mtu anakata ghafla na hali amefunga, hana maji mwilini tangu alfajiri. Kwa mnywaji wa kila siku hiyo ndiyo njia ya hatari kuliko zote. Atatetemeka mchana wa siku ya kwanza na tutasema ni njaa. Ataanguka siku ya pili na tutasema ni jua. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, Qur-ani imesema wazi, na huyu ni mgonjwa. Mwenye nia ya Ramadhani amuone daktari Rajabu, ili mwezi ukiandama awe ameshavuka. Halafu tusimuache Mfungo Mosi, sikukuu imepita na ngoma zimeanza ufukweni, tukashangaa karudi kule kule.

Mtu atanijia na hoja kwamba ninataka aibu za wanawake zitangazwe. Ninataka wajue watu watatu. Mmoja wa kulala naye, mmoja wa kumpeleka spitali na kuhakikisha hakuna anayemuita mlevi mbele ya benchi, mmoja wa kubisha hodi baada ya Magharibi. Watatu hao wafunge midomo yao kwa wengine wote, na hiyo ndiyo sitara ninayoijua mimi. Tunaocheza upatu tuna watu kumi na tano tunaowaamini na fedha zetu. Tukose watatu?

Nililisema hili kwenye darasa letu la akina mama, nikajibiwa kwamba litatazamwa baada ya Maulidi, kwa sasa watu wana shughuli. Maulidi yamepita. Sahani zimesharudishwa kwa wenyewe, michango imeshahesabiwa, na wiki hii maji ni mafu. Alkhamisi nitauliza tena, na safari hii sitamnong'oneza ustadhati pembeni.